Kuchagua Piki ya Gitaa Inayoufaa Mkono Wako

Anayejifunza gitaa hapa Lamu mara nyingi huchukua piki yoyote anayopewa, yaani kile kipande kidogo bapa cha kupigia nyuzi, kisha anapoona sauti haitoki vizuri huulaumu mkono wake. Kabla ya kununua, jiulize utapiga nini zaidi: rithimu, ambapo nyuzi zote sita hupigwa kwa pamoja ili kumsindikiza mwimbaji, au solo, ambapo kila uzi huguswa peke yake na kosa dogo husikika na ukumbi mzima.

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua unene. Piki ya chini ya milimita 0.60 hupinda inapokutana na uzi, hivyo hupita kwa wepesi juu ya nyuzi zote na kutoa sauti nyepesi yenye mlio mdogo wa plastiki, jambo linalofaa rithimu ya gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme. Ile inayozidi milimita 1 haipindi. Nguvu yote ya mkono huufikia uzi, sauti huwa nzito na nene, na mpigaji wa solo huweza kukimbia bila ya kuisubiri piki irudi mahali pake. Kwa anayeanza napendekeza baina ya milimita 0.70 na 0.80. Kadi ya benki iliyokwisha muda ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo unaweza kuikata kwa mkasi na kuipima mkononi kabla ya kutoa pesa. Hakikisha tu kwamba umeilainisha ncha kwa msasa mwembamba pande zote mbili, kwa sababu ukingo ulioachwa na mkasi hukwaruza zile nyuzi nene zilizozungushiwa waya, na mkwaruzo huo husikika zaidi kuliko noti yenyewe.

Mji huu ndio alikozaliwa marehemu Zein l'Abdin, bingwa wa udi, ile ala ya nyuzi, na wapo vijana wanaoingia kwenye gitaa wakitokea kwenye ala hiyo. Risha, yaani piki ya udi, ni ndefu, hulala ndani ya kiganja, na mwendo wake hutoka kwenye kifundo cha mkono. Aliyezoea hivyo akipewa piki fupi, nene na yenye ncha kali atajikuta anaukaza mkono wote. Huyo namshauri aanze na piki ya unene wa kati yenye ncha ya mviringo, aishike baina ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, na aache milimita tatu hadi tano tu zichomoze.

Kuhusu malighafi, pwani ina shida yake, nayo ni jasho. Msimu wa kaskazi piki laini ya selyuloidi, aina ya plastiki ya kizamani, huteleza vidoleni katikati ya wimbo, ilhali nyingi za nailoni huwa na vitone vilivyoinuka mahali pa kushikia. Kama unaipenda selyuloidi kwa mlio wake, ikwaruze kwa msasa pale kidole gumba kinapokaa. Zamani piki zilizosifiwa zaidi zilichongwa kwa gamba la ng'amba, na madoadoa ya kahawia unayoyaona kwenye piki nyingi za selyuloidi ni mwigo wa gamba hilo. Biashara ya kimataifa ya ng'amba ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, katika miaka ya 1970, na Kenya nayo inamlinda kasa huyu kwa sheria. Ukiuziwa piki ya gamba halisi, kataa, hata ikiwa nzuri namna gani; plastiki ngumu za leo hutoa sauti inayokaribiana nayo sana.

Unapochagua dukani, piga wimbo uleule kwa kila piki na kwenye gitaa la aina uliyo nayo nyumbani, kwa sababu piki inayong'ara kwenye gitaa la umeme huenda ikafifia kwenye gitaa kavu. Gitaa la nyuzi za nailoni lipige kwa vidole. Ukishaipata inayokufaa nunua kadhaa za unene huohuo, na uwe unaikagua ncha mara kwa mara: upande mmoja ukilika na kuwa bapa, igeuze utumie pembe nyingine, au chukua mpya.