SOMO: Kupiga grisi bolti, ekseli na hab za gari la porini zisigande

Bolti inayowatesa watu kuliko zote ni ile ya chini ya shokapu. Nati inatoka vizuri kabisa, halafu bolti yenyewe haisogei hata ukiitwanga na nyundo kubwa. Ukiizungusha inazunguka pamoja na bushi nzima (bomba la chuma lililovishwa mpira), mpira unalia, lakini kutoka haitoki. Ukishaikata na kuitazama, mara nyingi utakuta nyuzi zake bado nzima. Kutu imekamata katikati, kwenye mwili wa bolti, pale unapopita ndani ya bomba la chuma la bushi.

Siku ya kufunga hakuna aliyepaka kitu hapo. Maji ya matope yaliingia, yakakaa, kutu ikaanza. Na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ule mwanya mdogo kati ya bolti na bomba hujaa mpaka vitu viwili vikawa kitu kimoja.

Tuelewane hapa kabla hatujashika spana. Kwenye bolti ya namna hii kazi ya grisi si kulainisha, maana hakuna kinachozunguka pale. Kazi yake ni kukalia nafasi ambayo maji yangekaa. Ukiishika hoja hiyo utajua mwenyewe wapi upake, wapi usipake, na upake kiasi gani.

Grisi ipi

Namba 2 ya NLGI, yaani kipimo cha uzito wa grisi, inatosha kwa karibu kila kitu kilicho chini ya gari. Vipimo hivyo vinaanzia 000, ambayo ni ya kumiminika, hadi 6, ambayo ni ngumu ya kukatwa. Kwenye kopo tafuta herufi GC-LB: GC ni daraja la juu la beringi za magurudumu, LB ni daraja la juu la bolijointi na sehemu za chasisi.

Grisi ya lithiamu kompleksi inahimili joto vizuri na inapatikana kirahisi. Kwa gari linaloingia majini mara kwa mara, mimi napendelea ya kalsiamu sulfoneti kwa bolti na viungo vya nje kwa sababu maji hayaiondoi kirahisi. Yenye molibdeni ni ya sehemu zinazosuguana kwa uzito mkubwa, kama meno ya ekseli na jointi za CV (viungo vya ekseli vinavyojikunja huku vikizungusha gurudumu). Grisi ya shaba ni ya bolti zinazokutana na moto, hasa za ekzosi. Usiitie kwenye beringi hata siku moja. Pini za kalipa za breki zina grisi yake ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida huvimbisha mipira ya breki.

Hatua ya 1: Safisha mpaka chuma kionekane

Grisi juu ya matope ni msasa. Kwangua kwa brashi ya waya, osha kwa mafuta ya taa au dawa ya kusafishia breki, kausha. Tundu la bushi nalo lisafishwe kwa brashi nyembamba ya mviringo. Wengi hung'arisha bolti tu na kuacha kutu yote ndani ya tundu. Gari liwe juu ya stendi. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Hatua ya 2: Bolti za shokapu, mikono ya sasipensheni na springi

Paka mwili wote wa bolti, utando unaofunika chuma kisionekane lakini usiodondoka. Pitisha na kidole kilichopakwa grisi ndani ya bomba la bushi. Unapoisukuma bolti, utaona kijimviringo cha grisi kinajitokeza upande wa pili. Hiyo ndiyo dalili kwamba mwanya umejaa. Futa kilichotoka.

Nyuzi zina habari yake. Unapokaza bolti, karibu nusu ya nguvu yako inaliwa na msuguano chini ya kichwa au nati, sehemu kubwa ya nyingine inaliwa kwenye nyuzi, na takriban asilimia 10 tu ndiyo inayovuta bolti na kubana vitu. Ukipaka grisi, msuguano unapungua, na toki renchi (spana ya kupimia nguvu ya kukaza) iliyowekwa namba ileile inaivuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa. Kama kitabu cha gari kimetoa namba ya nyuzi kavu, basi grisi ibaki kwenye mwili, nyuzi na sehemu ya kukalia nati zifutwe. Nyuzi zinazobaki nje ya nati zipake baada ya kukaza. Hizo ndizo zitakazokukwaza siku ya kufungua.

Bolti za bushi za mpira zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza magurudumu yananing'inia, mpira unabaki umejipinda muda wote na utachanika mapema.

Hatua ya 3: Meno ya ekseli na hab

Meno ya ekseli yanayoingia kwenye hab, kitovu kinachofungiwa gurudumu, hutikisika kidogo sana kila unapokanyaga mafuta na kuachia. Mtikisiko huo unatoa unga mwekundu wa kahawia, na unga huo ndio unaoyagandisha meno ndani ya hab. Ukiuona umejipanga pembeni ya nati ya ekseli, hapo pamekauka. Safisha meno ya pande zote mbili, paka grisi ya molibdeni kwa brashi ndogo hadi kwenye shina la kila jino, kisha funga. Nati ya ekseli ikiwa ni ya kutumika mara moja, weka mpya.

Ukiwa hapo, paka utando mwembamba kwenye duara la katikati ya hab, pale rimu inapokalia. Rimu za alumini hushikana na hab ya chuma mpaka watu wanazipiga mateke. Uso bapa unaobana rimu uache safi na mkavu, na nyuzi za stadi za magurudumu pia, isipokuwa kitabu cha gari lako kimesema vingine. Kaza tena nati baada ya kuendesha kilomita chache.

Hatua ya 4: Beringi za magurudumu

Hapa grisi inalainisha kwelikweli, kwa hiyo usafi uzidi. Osha beringi kwa mafuta ya taa, iache ikauke. Usiizungushe kwa upepo wa kompresa: inaweza kuchanguka na kurusha vipande. Itazame kwenye mwanga. Roleri zenye vishimo, michirizi au rangi ya bluu ya kuungua zinatakiwa zitupwe pamoja na kikombe chake, ile pete ya nje ambamo roleri zinazunguka.

Weka bonge la grisi kiganjani, shika beringi kwa mkono mwingine, na ukandamize ukingo wa upande mpana kwenye lile bonge, tena na tena, mpaka grisi itokee juu kati ya roleri. Zungusha kidogo, rudia, mpaka umalize duara. Kupaka nje peke yake kunaacha roleri kavu ndani.

Hab usiijaze pomoni. Grisi ikizidi inavurugwa, inapata joto na kusukuma sili. Weka sili mpya na upake mdomo wake. Kaza nati huku unazungusha hab ili beringi zikae, legeza, kisha kaza kwa kipimo cha kitabu. Mwisho shika gurudumu juu na chini ulitikise: lisicheze, na lizunguke bila kukwama.

Hatua ya 5: Nipo

Futa nipo (chuchu ya kuingizia grisi) kabla ya kupachika bomba la grisi, la sivyo unasukuma mchanga ndani. Kwenye kros (viungo vya umbo la msalaba) za propela shafti, pampu mpaka grisi mpya itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikigoma, zungusha shafti nusu mzunguko na ujaribu tena, maana uzito wa shafti hukandamiza kikombe cha upande mmoja. Kikiendelea kugoma, kros hiyo inaelekea kufa.

Kwenye meno ya shafti yanayoteleza acha mara grisi inapoanza kuonekana kwenye sili. Ukiendelea, grisi haina pa kwenda na shafti inashindwa kujifupisha springi zinapobonyea. Kwenye bolijointi na tairodi, acha buti ya mpira inapoanza kutuna.

Na tafadhali, usizuie mdomo wa bomba la grisi kwa kidole. Presha yake inaweza kupenyeza grisi chini ya ngozi. Kidonda kinaonekana kama alama ya sindano na huenda kisiume sana mwanzoni, lakini mtu anaweza kupoteza kidole. Ikitokea, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 6: Baada ya maji

Difu (sanduku la gia katikati ya ekseli) na hab zinapata joto njiani. Ukizitumbukiza mtoni ghafla, hewa ya ndani inapoa, inasinyaa, na kuvuta maji kupitia sili, hasa kipumulio (kitundu cha kupitishia hewa) kikiwa kimeziba. Kwa hiyo kabla ya kuvuka maji marefu, simama dakika kadhaa zipoe. Kipumulio cha difu kiongezewe bomba la mpira mpaka juu, karibu na injini.

Ukishatoka, piga grisi kila penye nipo siku hiyohiyo, ili grisi mpya iyasukume maji nje. Fungua nati ya kuangalizia oili ya difu: oili ikiwa na rangi ya maziwa, imwage. Unapoosha gari, usielekeze maji ya presha kwenye sili na buti za mpira.

MASWALI

Swali: Fundi, huku wengi tunapaka oili chafu ya injini kwenye bolti. Ubaya wake nini?

Jibu: Mkuu, oili inatiririka na kuondoka, baada ya maji ya kwanza mwanya uko wazi tena. Ile chafu ina tindikali na vumbi la chuma ndani yake, na si salama kwa ngozi ya mikono. Kama huna grisi nzuri, hata ya lithiamu ya kawaida inaishinda kwa mbali.

Swali: Nimechelewa kulisoma somo hili. Bolti ya shokapu imeshaganda, nifanyeje?

Jibu: Pole sana. Safisha, pulizia mafuta ya kupenya pande zote mbili, yaache yalale usiku mzima, pulizia tena asubuhi. Rudisha nati mpaka iwe sawa na mwisho wa bolti ndipo upige nyundo, ili usiponde nyuzi. Kabla ya kulegeza, jaribu kukaza kidogo; ule mshtuko wa upande wa pili huivunja kutu. Moto tumia kwenye bolti za chuma kwa chuma tu. Kwenye shokapu usithubutu: ndani kuna oili, nyingine zina gesi ya presha, na pembeni kuna mpira. Ikigoma kabisa, pitisha msumeno kati ya bushi na braketi, kata pande zote mbili, ununue bolti na bushi mpya. Ni hasara ndogo kuliko kung'oa braketi ya chasisi.

Swali: Kaka, nina grisi nyekundu na kwenye beringi imo ya bluu. Naweza kuchanganya?

Jibu: Rangi isikupe jibu, ni rangi tu ya kiwandani. Kinachohusu ni kilichotumika kuifanya iwe nzito. Ya poliyurea na ya lithiamu mara nyingi zikichanganyika zinalainika na kuvuja. Kwenye beringi osha yote utie moja. Kwenye kros pampu mpaka ya zamani iishe kutoka.

Swali: Bolti zenye ile gundi ya nyuzi nazo nizipake?

Jibu: Nyuzi hapana, gundi haitashika. Gundi yenyewe inajaza mwanya wa nyuzi na kuyazuia maji, kwa hiyo hapo kazi imeshafanyika. Paka mwili wa bolti tu, na usiruhusu grisi ifike kwenye nyuzi.

Swali: Gari langu lina hab za beringi zilizofungwa, hazifunguki. Kuna cha kufanya?

Jibu: Beringi iache. Lakini ukiitoa hab, safisha tundu inamokaa na upake utando mwembamba, hasa kama hab ni ya chuma na inakaa ndani ya alumini. Hapo utakuta unga mweupe badala ya kutu, nao unashika vilevile. Grisi ya shaba usiiweke karibu na alumini penye maji ya chumvi, chukua ya kalsiamu. Kihisi cha ABS (mfumo wa kuzuia breki zisigande) na pete yake visiguswe na grisi, na diski ukiigusa ioshe kabla ya kufunga gurudumu.

Swali: Mimi nina pikipiki ya magurudumu manne. Bolti ndefu ya swingamu (mkono unaoshikilia magurudumu ya nyuma) haina nipo, nifuate hatua gani?

Jibu: Dada, hiyo fuata hatua ya 2, ila usisubiri iharibike ndipo uitoe. Inapita ndani ya fremu, bomba la beringi na mara nyingi injini pia, kwa hiyo ikiganda hakuna pa kuingiza msumeno. Angalau mara moja kwa mwaka, na kila baada ya kuzama kwenye matope, ilegeze, itoe yote, futa, paka grisi urefu mzima, rudisha. Ukiwa umeitoa, sindilia grisi na kwenye beringi za sindano zilizo ndani, kwa kidole, kisha uangalie sili za vumbi za pembeni. Zikiwa zimepasuka, badilisha kabla hujarudisha bolti.