Kilti kwa anayeishi Uskoti: faida zake mbele za watu na namna ya kuivaa

Ukikaa Glasgow, Edinburgh au Aberdeen miaka miwili mitatu, mwaliko wa harusi utakufikia tu, na kwenye kadi wanaume wataambiwa waje na kilti, lile vazi la Kiskoti la wanaume lenye marinda kama sketi, au suti ya jioni. Chukua kilti. Suti utakaa nayo mezani mpaka keki ikatwe, na maswali yataishia kwenye kazi unayofanya. Ukivaa kilti, hata kiti hujapata, mzee wa upande wa bwana harusi ameshakusogelea: "Hiyo ni tartani ya nani?"

Jibu la swali hilo uwe nalo mfukoni, maana litarudi usiku kucha. Tartani ni ile miraba ya rangi iliyofumwa kwenye kitambaa, na wengi hudhani kila moja ina ukoo wake na mgeni hana ruhusa. Sheria hiyo haipo. Ya kuiacha ni Balmoral, ambayo ni ya familia ya kifalme. Asiye na ukoo wa Kiskoti huchagua zile za watu wote, kama Black Watch ya kijani na buluu iliyokolea, au Isle of Skye yenye zambarau ya maua ya milimani. Sema kweli: huna ukoo pale, umeipenda rangi. Mskoti hachukii kuambiwa hivyo, na kama ni mpenda historia atakupa yote, tangu vazi lenyewe lilipopigwa marufuku 1746 hadi ruhusa iliporudi 1782. Kinachowaudhi ni dhihaka. Ile kofia ya mzaha yenye nywele nyekundu za bandia waachie watalii.

Kwenye saizi ndipo wengi wanapoharibu. Kilti haikai nyongani kama jinzi, inakaa usawa wa kitovu, na hapo mwili ni mpana kuliko namba iliyoandikwa kwenye suruali yako. Ukimpa fundi namba ya suruali utaletewa nguo isiyofunga. Chukua futikamba upime kiuno usawa wa kitovu, makalio pale palipojaa zaidi, kisha urefu kutoka kitovuni hadi katikati ya pia ya goti. Ukishaivaa, piga magoti ukiwa wima: ukingo wa chini ukiacha sentimita mbili au tatu juu ya sakafu, imekaa. Ikiwa ndefu, hakuna pindo la kupandisha. Chini ni ukingo wa kitambaa kama ulivyofumwa, na kufupisha maana yake ni kufumua kuanzia kiunoni, kazi ghali. Ndiyo maana kilti ya mtumba hukaguliwa urefu kwanza, kiuno baadaye, kwani vifungo vya mikanda huongeza au kupunguza kidogo. Inyanyue pia mbele ya taa uone matundu ya nondo.

Kilti kamili hula yadi 8 za sufu, zaidi ya mita 7, na sehemu kubwa imeingia kwenye marinda ya nyuma. Uzito wake ndio heshima yako. Sufu ya aunsi 13 au 16 kwa yadi hutulia hata upepo ukivuma. Ile nyepesi ya akriliki ya madukani kwa watalii itakuaibisha kituo cha basi. Mpya ya kushonwa kwa mkono ni mamia ya pauni, kwa hiyo kwa shughuli ya kwanza kodi.

Kuivaa ni hivi. Marinda nyuma, bapa mbele. Upande wa ndani unatoka kulia kwenda kushoto, na mkanda wake unapita kwenye tundu la kiunoni na kufungwa nje. Upande wa juu unafuata, ukiishia kulia, mahali penye matamvua. Pini kubwa hukaa kona ya chini kulia na hushika kitambaa cha juu peke yake. Ukiunganisha vyote viwili, hatua ya kwanza ndefu itakuchania nguo. Sporani, yaani mkoba wa mbele, ndiyo mfuko wako wa simu na funguo: uning'inie kiganja kimoja chini ya bizimu ya mkanda, na wakati wa kucheza usogeze ubavuni. Soksi zikunjwe vidole vitatu chini ya goti. Kile kisu kidogo cha kwenye soksi, sgian-dubh, sheria ya Uskoti inakivumilia kama sehemu ya vazi la taifa. Ukikibeba na jinzi, utetezi huo huna, na uwanja wa ndege usikibebe kabisa kwenye mzigo wa mkononi.

Kabla ya kuketi, pitisha kiganja nyuma kulaza marinda, kama akina dada wanavyofanya, halafu acha sporani ianguke katikati ya mapaja. Kwa anayejali sitara, na Waislamu wa pwani wanajua kwa nini, kaptura nyeusi ya kubana inayofika gotini inamaliza shida hiyo, kwa sababu ukiketi kilti hupanda. Ya kukodi ivaliwe na nguo ya ndani, hilo halina mjadala. Swali la "ndani kuna nini?" litakuja watu wakishachangamka, jibu lililozoeleka ni "viatu na soksi", wanacheka, yanaisha. Anayenyanyua nguo yako kwa mkono huyo hafanyi utani, na una haki ya kumkatalia kwa sauti.

Siku za kawaida mambo ni tofauti. Waskoti wengi wenyewe huiweka kwa harusi, mahafali, mechi ya timu ya taifa, usiku wa kumkumbuka mshairi wao Robert Burns tarehe 25 Januari na ngoma za ceilidh, ambako bosi na fundi bomba hushikana mikono mstari mmoja. Anzia huko. Ukitaka kuivaa Jumamosi sokoni, acha koti la jioni na tai ya kipepeo. Sweta, buti na sporani ya ngozi isiyo na manyoya vinatosha. Mkanda wa shanga kutoka nyumbani unakaa vizuri juu yake, mradi shati liwe la rangi moja. Na mama akiona picha akauliza mwanawe amevaa sketi ya nani, mwambie ni kikoi cha wazungu wa huku, cha wanaume.

Ya kukodi irudishwe siku waliyokupangia. Kabla ya kufunga begi hesabu pini, sporani na mnyororo wake, na vile vitambaa viwili vya rangi vya kwenye soksi. Kimoja hubaki chini ya meza ukumbini, na utatozwa.