SOMO: Kuchora mmea kwa ajili ya sayansi, mfano wetu kifabakazi

Swali la "nichoreje mmea mpaka watu wa hebaria (ghala la sampuli za mimea iliyokaushwa) waukubali" limejibiwa humu mara nyingi mno, na kila likirudi majibu yanazidi kuwa mafupi. Naliandika lote hapa. Atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye somo hili.

Nimechagua kifabakazi, mti wa maua mekundu, kwa sababu kipo kila mahali, kuanzia kando ya barabara za Kampala hadi Entebbe, ua lake ni kubwa, na ua lililoanguka hakuna atakayekukataza kuliokota.

Kwanza tuelewane. Mchoro wa sayansi unamjibu mtu atakayekuwa na mmea wake mkononi hata miaka hamsini ijayo: majani yamekaaje, stameni (vijiti vya kiume vyenye chavua) ni ngapi, tunda linapasukia wapi. Uzuri ukija, uje baadaye. Mwaka 1530 Hans Weiditz alichora mimea ya kitabu cha Otto Brunfels kama alivyoiona, na majani yake yaliyonyauka na kuvunjika. Mwaka 1542 wachoraji wa kitabu cha Leonhart Fuchs wakashika njia nyingine: wakaacha kasoro za mche mmoja, wakachora sura ya aina nzima, pengine ua na tunda kwenye tawi moja. Mimi nafuata njia ya katikati. Kila mstari utoke kwenye mmea ulioupima, ila tundu la kiwavi liache.

1. Vifaa. Penseli HB na 2H, raba laini, rula ya milimita, bikari ya ncha mbili za chuma, lenzi ya mkono ya mara 10, wembe mpya, kalamu za wino mweusi usiofutika kwa maji, karatasi nzito iliyo laini. Karatasi tafuta Nasser Road, Kampala, na uipapase kabla ya kulipa. Iliyo na mikwaruzo itakwamisha kalamu.

2. Tawi. Kata asubuhi, liwe na matumba, ua lililofunguka na jani zima, ulitie majini. Kwenye msitu wa hifadhi kama Mabira, kibali kwanza.

3. Daftari kabla ya penseli. Mahali, tarehe, urefu wa mti, namba ya sampuli, rangi. Rangi iandikwe saa hiyo hiyo, maana sampuli ikikauka wekundu ule haubaki.

4. Jani. Vile vipande vingi unavyoviona vimepangwa viwili viwili, na kimoja kwenye ncha, vyote pamoja ni jani MOJA. Ukitaka uhakika, tafuta kichipukizi: kinakaa kwenye kwapa la jani zima, pale jani linapoungana na tawi. Kwenye kwapa la kipande hukikuti. Majani yenyewe kwa kawaida hutoka mawili yakitazamana.

5. Kupasua ua. Anza na tumba. Limefunikwa na ala ya kahawia yenye vinyweleo, imepinda kama pembe ya mbuzi, na ukilibinya maji yanaruka; watoto wote wanaujua mchezo huo. Ala hiyo hupasuka upande mmoja tu ua linapotoka, na upande huo lazima uonekane kwenye mchoro. Kisha chukua ua lililofunguka, pitisha wembe upande mmoja kuanzia chini hadi kwenye ukingo wa njano, ulitandaze. Utaona stameni nne zimeshikamana na ukuta wa ndani. Chora mahali hasa kila moja ilipoanzia. Ovari, ile sehemu ya chini inayokuja kuwa tunda, ikate kwa upande, uitazame kwa lenzi: vyumba viwili. Stigma, ile ncha inayopokea chavua, nayo ina midomo miwili.

6. Penseli, kisha wino. Mwanga utoke juu kushoto, ndio utaratibu. Kivuli ni nukta, usisugue.

7. KIPIMO. Hapa ndipo michoro mizuri inapokufa, kwa hiyo someni taratibu.

Usiandike kamwe "×2" pembeni ya mchoro ukadhani umemaliza. Mchoro wa asili tunauchora mkubwa, halafu mchapishaji anaupunguza utoshee ukurasa. Ukipunguzwa kwa nusu, ile "×2" inabaki imeandikwa hivyo hivyo, na kumbe ua sasa lina ukubwa wake halisi. Umemdanganya msomaji bila kukusudia. Chora mstari wa kipimo. Mchoro ukipungua, nao unapungua pamoja nao, ukweli unabaki.

Kila sehemu ina mstari wake. Ua zima ukilichora kwa nusu ya ukubwa wake, mstari unaowakilisha sm 2 utakuwa na urefu wa sm 1 kwenye karatasi. Stameni ukiichora mara tatu, mstari unaowakilisha mm 5 utakuwa mm 15. Uchore papo hapo, bikari ikiwa bado imeshika kipimo. Ukiuacha hadi mwisho, ua limeshanyauka na limesinyaa, huna tena cha kupima, na kukisia ni marufuku.

Onyo la pili: mstari ukae ndani ya mchoro wenyewe, karibu na sehemu yake. Ukiuweka chini kwenye maelezo, kuna siku mtu atakata picha na kuuacha nje.

Onyo la tatu: unene wa wino. Mstari wa mm 0.1 ukipunguzwa kwa nusu unakatika kwenye chapa, na nukta zilizosongamana zinageuka doa jeusi. Kabla ya kumaliza wino, toa kopi ya asilimia 50 kwenye mashine ya kawaida. Itakuonyesha kila kosa.

8. Kumaliza. Herufi A, B, C kwa kila sehemu, jina *Spathodea campanulata*, namba ya sampuli, sahihi yako. Sampuli iliyokaushwa ipelekwe hebaria. Ya Makerere ndiyo kubwa yetu.

MASWALI

Kijana wa Busia: Siwezi kupiga picha kwa simu halafu nifuatishe juu yake?

Jibu: Hapana. Kamera ikiwa karibu hukuza petali (jani la ua) iliyo mbele na kupunguza ya nyuma. Wala haikuonyeshi kichipukizi kwapani na ndani ya ua: soma tena hatua ya 4 na ya 5. Picha iwe ya kumbukumbu tu.

Kijana wa Busia: Lakini kuna programu sasa zinachora zenyewe kwa sekunde.

Jibu: Imechora sampuli namba ngapi, na hiyo sampuli iko hebaria gani? Mtu akitilia shaka mchoro wangu, anaenda kuifungua sampuli yenyewe. Wako ataenda wapi?

Mama Mbegu: Mwalimu, nami nina swali. Sampuli zangu zimeshakauka tangu mwaka jana. Ua nitalipasuaje bila kulivunja?

Jibu: Swali zuri sana, mama. Chukua ua moja tu, usiguse mengine. Chemsha maji kidogo na tone la sabuni ya vyombo, litumbukize dakika chache mpaka lilainike, kisha litandaze kwenye sahani kwa sindano. Litafunguka vizuri. Ukimaliza, likaushe, ulitie kwenye bahasha ndogo na kuibandika kwenye karatasi ya sampuli ile ile. Usilitupe. Michoro mingi mikubwa imetoka kwenye mimea mikavu. Mpelelezi James Augustus Grant alikusanya mimea alipopita na mwenzake Speke Karagwe, Buganda na Bunyoro miaka ya 1860 hadi 1863, na michoro yake ilichapishwa London kati ya 1872 na 1875. Aliyeichora, Walter Hood Fitch, alikuwa Uingereza na mimea iliyokauka mezani.

Mwanafunzi wa Mbarara: Na rangi je? Ua linabadilika kabla sijachanganya rangi za maji.

Jibu: Tengeneza kadi yako ya rangi: paka miraba ya mchanganyiko wako, ipe kila mmoja namba. Ukiwa porini andika namba tu juu ya mchoro wa penseli. Mchoraji Ferdinand Bauer alifanya hivyo alipozunguka Australia na nahodha Matthew Flinders kuanzia 1801. Alijaza michoro ya penseli namba za rangi, akaja kuipaka baadaye kabisa, na rangi zake bado zinasifiwa. Kadi usiiache juani.

Mwanafunzi wa Mbarara: Asante ssebo. Hivi mchoro peke yake uliwahi kutosha kulipa jina mmea mpya?

Jibu: Ndiyo. Kwa sheria za majina ya mimea, spishi iliyotangazwa kabla ya 1908 inaweza kusimama kwa mchoro tu, mradi uonyeshe sehemu za ua zilizochambuliwa. Ndiyo maana nawasumbua na hatua ya 5.

Fundi wa Masaka: Nimeona kifabakazi chenye maua ya njano. Nikiandikie jina jipya?

Jibu: Usiandike. Spishi hiyo ina miti ya maua ya njano pia. Pasua ua, hesabu stameni, tazama ala. Vikilingana, ni kile kile. Andika rangi kwenye daftari.

Msomaji mpya: Kipimo mnaandika ×2 au ×3?

Jibu: Hatua ya 7.

Mama Mbegu: Nikimaliza kifabakazi nihamie mti gani?

Jibu: Mwegea. Ni wa familia moja na kifabakazi, kwa hiyo utaona wapi wanafanana na wapi wanaachana. Ila maua yake hufunguka usiku, ndio wakati wa popo kuyatembelea, na asubuhi mengi yako chini. Nenda jioni na taa ya kichwani, bikari mfukoni, na uzipime petali kabla hazijalegea.

Fundi wa Masaka: Karatasi zangu zinapata madoa ya ukungu huku kwetu karibu na ziwa.

Jibu: Usiziweke kwenye mifuko ya nailoni, unyevu unabaki ndani. Sanduku la mbao au la maboksi mazito, liinuliwe kutoka sakafuni, lisiguse ukuta. Lifungue siku za jua upepo upite. Zilizopata madoa zitenge na nyingine leo hii.