Kupima Corolla ya zamani kwa kipande cha waya

Gari langu ni Corolla AE100, injini 5A-FE, la kabla ya soketi za OBD2, zile za kuchomekea mashine ya kupimia. Ukilipeleka kwenye mashine ya kupimia, fundi atatafuta pa kuchomeka hadi achoke. Lakini linajisemea lenyewe.

Chukua waya mfupi uliochunwa ncha zote mbili. Fungua boneti, tafuta kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS; changu kiko karibu na shokapu ya kushoto. Chini ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1, basi. Ila isome ramani mara mbili: humo humo kuna +B yenye moto wa betri, ukiikutanisha na E1 umeunguza fyuzi.

Gia iwe P au N, AC izimwe, mguu usiguse mafuta. Niliwahi kupata kodi (namba ya hitilafu) 51 nikahangaika nusu saa, kumbe AC ilikuwa inafanya kazi. Washa swichi bila kupiga stata, kisha tazama taa ya chekinjini.

Ikipepesa haraka mfululizo, hakuna kodi. Yangu ilipepesa mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa mbili tena. Kimya kirefu, ikarudia. 22. Kodi zikiwa kadhaa, huanza ndogo, ziandike.

22 ni sensa ya joto la maji, na hapo ndipo watu hukimbilia dukani. Kodi haikutaji kifaa, inakutajia njia nzima: sensa, plagi, waya hadi kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Gari lilikuwa linagoma kuwaka asubuhi, mchana halina neno, na fundi mmoja alishaniambia pampu imekufa. Kumbe kontrol boksi ikikosa taarifa za sensa huchukulia maji yana nyuzi 80, basi injini baridi inanyimwa mafuta ya kuamkia.

Nikachomoa plagi, nikaipima sensa kwa mita injini ikiwa baridi: karibu ohm 2,000. Nzima. Nikavuta nyaya za plagi taratibu, mmoja ukabaki mkononi, umeliwa na kutu ya kijani ndani ya mpira.

Ukishatengeneza, zima swichi, toa waya wako, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI (ya mfumo wa mafuta) kwa nusu dakika, endesha siku mbili, pima tena. Kutoa tenamo ya betri nako kunafuta kodi, ila redio itasahau stesheni zote.