Kuomba pasipoti ukiwa Pemba, ikiwa mzazi wako alizaliwa kabla ya Desemba 1963

Fomu ya pasipoti katika mtandao wa Uhamiaji si ngumu, na mwenye namba ya NIDA na cheti chake cha kuzaliwa huijaza kwa muda mfupi. Hulipwa shilingi 20,000 mwanzo na 130,000 baadaye, kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe. Kinachowakwamisha wengi wetu ni uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi, na hapo ndipo nilipopoteza wiki sita.

Baba yangu alizaliwa Wete mwaka 1951. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na mzaliwa wa hapa alikuwa raia wa Sultani aliyelindwa na Uingereza, wala hakuwa raia wa Uingereza. Himaya ilikoma tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964 na Muungano tarehe 26 Aprili, na Sheria ya Uraia ya 1995 inamtambua kuwa raia wa Jamhuri ya Muungano yule ambaye Muungano ulimkuta akiwa raia wa Zanzibar. Ofisini, basi, hutakiwi kusimulia historia hiyo. Unatakiwa kuonyesha kwamba mzazi wako alizaliwa hapa, na kwamba anayetajwa katika karatasi ya zamani ndiye huyo huyo mzazi wako.

Baba alikihifadhi cheti chake ndani ya juzuu, kimekunjwa mara nne, wino umegeuka rangi ya kutu. Jina limeandikwa Hamis, kisha bin, kisha jina la babu, basi. Kitambulisho chake cha leo kinasema Khamis, na kina majina matatu. Nilivipakia vyote viwili bila maelezo, ombi likarudishwa, kwa kuwa kwa mujibu wa karatasi hao walikuwa watu wawili.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, panga mezani vyeti vyote vya mzazi na vyako, uyasome majina herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, nenda na mzazi mwenyewe kwa sheha wa shehia yake mkaombe barua, kisha mzazi aape mbele ya wakili au mahakamani kwamba majina yote mawili ni yake. Kiapo lazima kitaje kila jina kama lilivyoandikwa katika karatasi yake. Chetu cha kwanza kilitaja Khamis peke yake, nikalazimika kulipia cha pili. Ikiwa mzazi hana cheti kabisa, kiapo cha kuzaliwa hukubaliwa, lakini nakusihi usikicheleweshe, kwani wazee wanaoweza kuapa kwamba walikuwapo wanatutoka.

Mwenye mzazi aliyezaliwa Mombasa au Lamu asitegemee hoja kwamba Mwambao, yaani ukanda wa pwani ya Kenya, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Ni kweli ulikuwa wake, lakini mwaka 1963 uliingia Kenya kwa makubaliano, hivyo ni vyema aulize Uhamiaji mapema ni ushahidi gani wa uraia wa mzazi utakaohitajika.

Siku ya alama za vidole chukua vyeti halisi. Cha baba nilikibeba katikati ya vipande viwili vya boksi. Afisa alikikunjua taratibu, akakilinganisha na kiapo mstari kwa mstari, kisha akanielekeza kwenye mashine.