Namna ya kusoma nyaraka za mwenye mgodi wa makaa ya mawe: mfano wa Harry Heth wa Virginia

Anayeanza kupekua nyaraka za mfanyabiashara wa zamani hukimbilia barua. Ushauri wangu: barua ziache mwisho. Ndani ya barua tajiri hujieleza, hubembeleza, huomba kuongezewa muda wa kulipa. Kwenye risiti hapati nafasi ya kujipamba.

Mfano wangu ni Harry Heth, mwenye mashimo ya Black Heath katika kaunti ya Chesterfield, kusini mwa mto James, karibu na Richmond. Eneo hilo lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa nchini Marekani kuchimba makaa ya mawe kwa biashara. Nyaraka za familia yake ziko Chuo Kikuu cha Virginia, mjini Charlottesville.

Hatua ya 1: Anza na orodha ya mkusanyo

Maktaba za vyuo vya Marekani huweka mtandaoni orodha inayoonyesha boksi gani lina jalada gani, la miaka ipi. Isome yote kabla ya kuomba chochote. Tafuta kwa "Harry" na pia kwa "Henry", jina lake rasmi. Hapo kuna mtego: mjukuu wake, aliyezaliwa 1825 na kuwa jenerali wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, naye ni Henry Heth. Ukiandika jina tupu utamwagiwa habari za Gettysburg, mojawapo ya mapigano ya vita hivyo. Mzee alifariki 1821, basi tumia mwaka huo kuwachuja.

Ukiwa mbali, uliza gharama ya kupigiwa picha majalada machache. Ukifika mwenyewe, penseli tu, mkoba unabaki nje, jalada moja mezani kwa wakati mmoja, na karatasi zirudi kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 2: Andaa jedwali, kisha elewa fedha na vipimo

Safu zangu ni hizi: tarehe, mlipaji, mlipwaji, kiasi kama kilivyoandikwa, kiasi kwa dola, malipo ya nini, boksi na jalada. Hiyo ya mwisho usiiruke hata siku moja.

Virginia iliendelea kuhesabu kwa pauni muda mrefu baada ya uhuru. Pauni ilikuwa shilingi 20, na shilingi peni 12, lakini pauni hiyo haikuwa ya London. Shilingi 6 za Virginia zilikuwa dola 1, hivyo pauni moja ni kama dola 3.33. Ukikuta pauni 15, andika dola 50.

Makaa yaliuzwa kwa busheli, kipimo cha ujazo cha lita 35 hivi kikisawazishwa. Kikijazwa kwa kilele kinabeba zaidi, na kilele hicho ni pesa ya mtu. Usigeuze busheli kuwa tani bila kuandika umetumia hesabu gani. Katika tarehe, "inst." ni mwezi huu na "ult." ni mwezi uliopita, "do." ni kama kilichotajwa juu yake.

Hatua ya 3: Fungua karatasi za Januari

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko pote. Mashimo yalichimbwa kwa kiasi kikubwa na watumwa, na wengi wao walikodishwa kutoka kwa mabwana wengine. Kwa desturi ya Virginia mkataba ulianza mwanzo wa Januari na kuisha Krismasi. Aliyekodi na mdhamini wake walitia saini kwamba bwana atalipwa kiasi fulani mwaka ukiisha, na mara nyingi waliahidi pia nguo, viatu na blanketi.

Soma masharti kwa makini. Mabwana waliogopa mashimo, kwa gesi, maji na dari zinazoporomoka, kwa hiyo angalia kama mkataba unataja kazi ya chini ya ardhi, na linganisha bei. Woga huo ulikuwa na msingi: Machi 1839, Harry akiwa amekwisha kufa, mlipuko wa Black Heath uliua watu zaidi ya 50, karibu wote watumwa.

Tatizo ni majina. Tuseme umekuta "Billy". Mwandike pamoja na jina la bwana wake na mwaka, kisha mtafute kwenye hesabu za viatu, bili za daktari na matangazo ya waliotoroka. Akina Billy wawili usiwaunganishe mpaka karatasi mbili zikubaliane juu ya bwana. Na tahajia ya karani usiirekebishe. Kazi hii inachosha, lakini kwa wengi wa watu hao mstari huo wa hesabu ndio alama pekee iliyobaki.

Hatua ya 4: Fuata mzigo

Kutoka shimoni makaa yalipakiwa kwenye magari ya kukokotwa na wanyama mpaka Manchester, ng'ambo ya Richmond, kisha yakapanda vyombo kwenda miji ya kaskazini kama Philadelphia. Panga risiti kwa safari hiyo: wenye magari, ushuru wa barabara, hati za shehena.

Shehena zikipungua 1813 na 1814, usidhani karatasi zimepotea. Meli za kivita za Uingereza, iliyokuwa vitani na Marekani, zilikuwa zimeziba ghuba ya Chesapeake, na Philadelphia ikalazimika kujaribu makaa magumu ya Pennsylvania.

Hatua ya 5: Sasa barua

Weka jedwali pembeni. Heth akidai kwenye barua kwamba hana kitu, tazama hati za ahadi ya malipo za mwezi huo, na geuza kila moja: nyuma ndiko kuna saini za waliopokezana deni.

Kisha wasikilize wapinzani wake. Maktaba ya jimbo la Virginia imeweka mtandaoni, bure, faharasa ya kesi za mahakama ya Chancery, iliyoamua magomvi ya madeni, ubia na mirathi. Kesi nyingi zina picha za karatasi zote, pamoja na ushahidi wa watu walioapa. Tafuta jina Heth upande wa mdai, halafu upande wa mdaiwa, kwanza Chesterfield, kisha Henrico na Richmond, na unakili namba ya kesi kabla ya kufunga ukurasa.