Ndugu kakopa kwa jina lako? Anza hivi

Uko Uganda, umeletewa meseji ya deni usilolijua, au watu wa kudai wanakupigia asubuhi asubuhi na we hujakopa hata shilingi. Tafadhali usilipe kwanza, hata kidogo cha kuwanyamazisha, maana ukilipa inaonekana kama umelikubali deni. Na jua mapema kwamba aliyefanya anaweza kuwa wa nyumbani, kaka, mume, binamu uliyemtumia picha ya ndagamuntu (kitambulisho cha taifa) WhatsApp akusaidie kujaza fomu, hao ndio wenye NIN yako (namba ya kitambulisho hicho) na wanajua mwaka uliozaliwa.

Siku hiyo hiyo badilisha namba ya siri ya pesa za simu, MTN ni *165#, Airtel ni *185#. Halafu nenda ofisi zao na kitambulisho chenyewe, uliza laini zote zilizosajiliwa kwa NIN yako. Ukikuta laini hujawahi kuishika na mkopo uko juu yake, omba waifunge na wakuandikie karatasi.

Sasa aliyekopesha, hapa usiwe na haraka. Omba kopi ya fomu, sahihi, picha waliyopiga, na hasa namba au akaunti iliyopokea pesa, hiyo ndiyo inayosema ukweli kuliko mtu yeyote. Weka ile sahihi kando na ya kwenye ndagamuntu yako, angalia zinapotofautiana. Kisha andika barua kwamba deni si lako, peleka kopi mbili, moja wagonge muhuri ubaki nayo.

Polisi ndio pagumu. Mama atakwambia "mwanangu, huyo ni damu yako, utampeleka ndugu yako selo?" na wajomba watakaa kikao, na wewe ndo utaonekana mbaya. Nawaelewa kabisa, lakini kikao cha ukoo hakifuti jina lako kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo, na aliyekopesha asipoona karatasi ya polisi ana sababu gani ya kukuamini? Kwa maoni yangu nenda uripoti, upewe namba ya SD (ya kitabu cha matukio cha kituo), eleza ulichokiona tu, kwamba sahihi si yako, pesa iliingia namba fulani, nani kafanya waache wachunguze. Kama ameshakiri na unataka kumsitiri, basi aandike mwenyewe kwamba deni ni lake, asaini mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na mashahidi, na karatasi hiyo mpeleke pamoja kwa aliyekopesha. Lakini wao hawalazimiki kuikubali, ujue hilo kabla hujaacha kesi.

Wakikataa kurekebisha, benki unaishtaki kwa Benki Kuu ya Uganda, kampuni ndogo za mikopo na wakopeshaji binafsi ni kwa UMRA, mamlaka inayowasimamia. Wakianza kupigia watu walioko kwenye simu yako au kusambaza picha yako, sheria ya 2019 ya kulinda taarifa za watu inakulinda, peleka malalamiko ofisi ya kulinda data.

Na ndugu akikubali kulipa, pesa isipitie mkononi mwako, alipe moja kwa moja kwa jina lake na risiti upige picha kila mara, akimaliza dai barua kwamba deni limeisha na jina lako limesafishwa, usikubali kuambiwa kwa simu tu.